TAN ya mwajiri India: kuipata ni rahisi, ngoma iko baada ya hapo

Naandika hii kwa wabongo na wakenya mlioko India ambao mnafanya kazi kwenye vikampuni vidogo vya watu, au mmeachiwa na bosi mambo yote ya karatasi kwa sababu eti ndo mnajua kompyuta. Maana swali nalokutana nalo kila mara ni hilohilo, dada hii TAN ni kitu gani, kwani PAN haitoshi?

Haitoshi. PAN ni namba ya kodi ya mlipakodi mwenyewe, awe mtu au kampuni. TAN ni namba ya yule anayekata kodi kwenye hela ya mtu mwingine alafu anaipeleka serikalini. Sisi akili zetu zinagoma hapo kwa sababu kwetu Tanzania mwajiri anapeleka PAYE kwa TIN yake ileile, Kenya nako PIN ya KRA ndo inafanya kila kitu, India wametenganisha. Sheria yao ya kodi ya mapato ya 1961, iliyotumika mpaka Machi 2026, ina kifungu 203A kinachosema ukikata kodi lazima uwe na hiyo namba, na kifungu 272BB kinasema usipokuwa nayo faini ni rupia 10,000. Hicho kinachokatwa wenyewe wanakiita TDS, ukitaka kuelewa haraka fikiria kodi ya zuio ya TRA pamoja na PAYE vimewekwa kapu moja.

Mimi niko Pune. Nilikuja kusoma, nikamaliza, nikapata kazi ya ukalimani kwenye ofisi ndogo inayopokea wagonjwa kutoka Tanzania, Kenya na Kongo, tunawapeleka hospitali, tunawatafsiria kwa daktari, tunawatafutia pa kulala. (Kwa wanaojiuliza habari ya viza: viza ya kazi ya India inataka mshahara uzidi laki 16 na robo kwa mwaka, lakini wakalimani wa lugha ambayo siyo Kiingereza wameachiwa hilo sharti, pamoja na wapishi wa vyakula vya kwao. Kiswahili kimenilipa hapo. Na nyie wa viza ya masomo msijidanganye, ile siyo ya kuajiriwa.) Wenye ofisi ni wawili, mzee mmoja Mgujarati aliyezaliwa Mombasa, Kiswahili chake ni kile cha zamani kitamu kabisa, na kijana wake ambaye Kiswahili anakielewa ila anajibu kwa Kihindi. Waliandikisha kama ubia mwaka 2023.

Hilo neno ubia ndo lilituingiza kwenye fomu. Ingekuwa kampuni ya Private Limited, siku hizi ukiisajili kwa ile fomu ya SPICe+ ya wizara ya makampuni, PAN na TAN vinatoka pamoja na cheti cha kuzaliwa kampuni, hujazi kitu kingine. Kwa hiyo kama ofisi yenu ni kampuni na imesajiliwa miaka ya karibuni, kabla hujaanza kuhangaika kafungue ile barua pepe ya usajili uangalie, kuna watu wanaomba TAN ya pili wakati ya kwanza wanayo, na kuwa na mbili kwa ofisi ileile hairuhusiwi, itabidi urudi na fomu nyingine kuirudisha moja. Matawi ndo yanaruhusiwa kuwa na zake.

Sasa mzee alikuwa hataki kabisa. Hoja yake ilikuwa hii: "Mwanangu, wafanyakazi wetu mishahara yao midogo, nani hapa tutamkata kodi?" Na kwa upande wa mishahara alikuwa na haki, kwa mwaka ule wa fedha (wao mwaka unaanza Aprili unaisha Machi), kwenye mfumo mpya wa kodi mtu wa mapato mpaka laki 7 alikuwa anaishia kutolipa kitu kwa sababu ya msamaha, na hakuna kati yetu aliyekuwa anafika huko. Lakini CA wetu, yaani mhasibu wa leseni, hakuuliza mishahara. Aliuliza pango la ofisi mnalipa ngapi. Tukamwambia 30,000 kwa mwezi, tunaingia Julai. Akapiga hesabu palepale, miezi tisa mpaka Machi ni laki 2 na 70 elfu, na kiwango cha wakati huo kilikuwa laki 2 na 40 elfu kwa mwaka, ukivuka hapo lazima ukate asilimia 10 ya pango na kuipeleka serikalini. Alafu akaongeza, na mimi mwenyewe mkinilipa zaidi ya 30,000 kwa mwaka mnanikata asilimia 10, na wakalimani wa kuitwa kwa siku nao hivyohivyo.

Hapo ndo nilipoelewa kitu ambacho watu wengi hawakijui, kwamba hii namba inaitwa ya mwajiri lakini kinachokufanya uihitaji mara nyingi siyo mfanyakazi, ni mwenye nyumba. Mtu binafsi mwenye kabiashara kake ambaye mwaka uliopita hajavuka krori moja (milioni 10) ya mauzo, au laki 50 kama ni mtu wa taaluma, hiyo ya pango la ofisi haimgusi. Ubia na kampuni hata iwe ndogo vipi inawagusa tangu siku ya kwanza. Mshahara ndo haubagui, ukimlipa mtu mshahara unaofikia kodi lazima ukate hata wewe ukiwa mtu mmoja.

Na ni kitu ambacho ukikipuuza hakikusumbui siku hiyo. Kinakusumbua mwisho wa mwaka, CA anapokwambia kwamba asilimia 30 ya pango lote mlilolipa bila kukata haihesabiwi kama gharama, kwa hiyo mnalipia kodi kana kwamba ni faida. Mzee aliposikia hilo akanyamaza, akaniambia haya jaza.

Fomu yenyewe wakati wetu ilikuwa 49B. Inajazwa mtandaoni kwenye tovuti ya Protean, kampuni inayopokea maombi haya kwa niaba ya serikali, wale waliokuwa wanaitwa NSDL zamani. Sasa hapa niwatahadharishe, ukiandika TAN kwenye kutafuta, vinavyokuja juu kabisa mara nyingi ni visaiti vya watu binafsi vimepakwa rangi za bendera mpaka unaona kama ni serikali, kimoja kilitutajia maelfu ya rupia kwa kazi ambayo ada yake halisi haifiki hata 100. Hakikuwa kinadanganya hasa, chini kabisa kwa maandishi ya chungu waliandika wao ni washauri tu. Nilifunga nikaenda kwa Protean.

Vitu vya kuangalia kwenye fomu. Kwanza unachagua wewe ni nani, kuna kampuni, tawi la kampuni, mtu binafsi, ubia na kadhalika, na ukichagua vibaya masanduku ya jina yanabadilika. Jina liwe kama lilivyo kwenye PAN ya ofisi, siyo lile la kwenye kibao cha nje. Wenye kampuni msiandike Pvt Ltd, maelekezo yanataka Private Limited kwa urefu wake. Kisha kuna ile namba ya ofisa wa kodi, wanaita AO code, hii ndo inawapoteza wengi kwa sababu mtu anaenda kuchukua ile ya PAN yake. Ofisa anayeshughulika na TDS ni mwingine, unaitafuta kwenye orodha ya TAN kwa mji na eneo ofisi ilipo. Na namba ya simu weka ya ofisi ambayo haitahama na mtu, nimeona ofisi ya jirani yetu kijana aliyejaza aliacha kazi akaondoka na laini, kila wakitaka kuingia OTP inaenda kwa mtu ambaye hapokei simu zao.

Cha kushangaza hawataki kiambatanisho chochote. Kwa India, ambako hata laini ya simu wanataka picha na vitambulisho na anwani, mimi nilirudia kusoma nikidhani nimeruka ukurasa. Unalipa, inatoka karatasi ya kukiri maombi yenye namba ya tarakimu 14, unaichapisha, anasaini mwenye mamlaka, unaituma kwa Protean na iwe imewafikia ndani ya siku 15 tangu ujaze mtandaoni. Juu ya bahasha unaandika ni maombi ya TAN na ile namba ya tarakimu 14.

Kwenye kusaini ndo tulipata vituko. Mzee mkono wake unatetemeka kidogo, na kisanduku cha sahihi ni kidogo kweli, saini yake ile ndefu ya kizamani inaanza ndani inamalizikia kwenye mstari wa tarehe. Tukachapisha tena, ikatoka nje tena. Akatazama ile karatasi akasema "hiki kisanduku wamempimia mchwa?" Akataka aweke dole gumba yaishe. Nikasoma maelekezo, dole gumba lazima la kushoto na lithibitishwe na hakimu au notari au ofisa wa serikali kwa muhuri wake. Yaani kwa dole moja tuanze kutafuta notari mjini! Kwa kuwa kwenye ubia mbia yeyote anaweza kusaini, tukamwachia kijana, na kabla ya hapo ilibidi nirudi kwenye maelezo kuhakikisha jina na cheo cha anayesaini vinaendana. Kwa hiyo kabla hujajaza, amua nani anasaini, siyo baada.

Tuko Pune na maombi yanapokelewa Pune, mzee akasema nipeleke kwa mkono, nikatuma kwa posta nikabaki na risiti yenye namba ya kufuatilia. Ikikuchelewa utahitaji ushahidi kuliko utakavyohitaji kuokoa hela ya stempu. Hali ya maombi unaiangalia kwa ileile namba ya tarakimu 14.

Ikaja. Herufi nne, tarakimu tano, herufi moja. Za mwanzo tatu ni za mji, sisi ni PNE, ya nne ni ya mwanzo ya jina la ofisi. Barua yake niliipiga picha nikaiweka kwenye faili, na nikaiandika kwenye kikaratasi ukutani karibu na kompyuta, kwa sababu inatakiwa kutokea kwenye kila karatasi ya TDS.

Ukishaipata unajisajili kwenye tovuti ya kodi ya mapato kama mkataji, tofauti na akaunti ya PAN ya ofisi. Baadaye kuna tovuti nyingine inaitwa TRACES ya kutolea vyeti, ile inataka kukuuliza mambo ya ripoti uliyokwisha kuwasilisha, kwa hiyo inangoja.

Na kalenda inaanza. Ulichokata mwezi huu unakipeleka kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kupita, kama PAYE ya Tanzania tu (Kenya ni tarehe 9), isipokuwa ya Machi ambayo wanakupa mpaka 30 Aprili. Unalipa kwa chalani 281, yaani karatasi yao ya malipo ya kodi. Kila robo mwaka unawasilisha ripoti, 24Q ya mishahara, 26Q ya mengine kama pango na ada, mwisho ni 31 Julai, 31 Oktoba, 31 Januari na 31 Mei. Ukichelewesha ripoti ni rupia 200 kwa siku mpaka ifikie kiasi cha kodi yenyewe. Ukichelewesha kulipa ni riba ya asilimia moja na nusu kwa mwezi, na kipande cha mwezi ni mwezi mzima, sasa sikia ujanja wao: umekata tarehe 30 Aprili, ukalipa 8 Mei, umechelewa siku moja tu, wanahesabu Aprili mwezi na Mei mwezi, asilimia 3. Kwa sisi wa elfu tatu tatu ni rupia 90, ila kwa ofisi inayokata malaki utalia.

Kwenye chalani kuna sehemu wanauliza unayemkata ni kampuni au siyo kampuni. Wanamuuliza huyo unayemkata, siyo wewe. Tulimkata mama mwenye nyumba, mtu binafsi, tukachagua siyo kampuni.

Huyo mama sasa. Tunamwita Anti, anakaa ghorofa ya juu ya ofisi, mjane, mwalimu mstaafu. Anti alikuwa anatuletea chai mpaka siku tulipomwambia kwamba kati ya 30,000 yake tutampa 27,000. Alishuka ngazi na kile kitabu chake cha mahesabu, akasimama mlangoni, akasema wapangaji waliopita walikuwa watu waungwana, hawakuwahi kumkata hata rupia. Kijana wa mzee akaanza kumsomea kifungu cha sheria kwa Kimarathi, ndo akaharibu kabisa. Mzee akamkalisha, akamwagizia chai kutoka kwa yule wa barabarani, akamwambia Anti hii hela haijaondoka, iko kwa serikali kwa jina lako, ukipeleka hesabu zako mwisho wa mwaka utaikuta, na kama kodi yako ni ndogo watakurudishia.

Anti akasema, nitaikuta wapi? Swali zuri kuliko yote. Ndo nikamwomba PAN yake. Akanitumia picha kwa simu, ina ukungu, sijui O sijui sifuri. Kuna namna ya kukagua, PAN ni herufi tano, tarakimu nne, herufi moja, kwa hiyo ukijua nafasi unajua kama ni herufi au namba, na ya nne ikiwa P ni mtu binafsi, ya tano ni herufi ya mwanzo ya ukoo wake. Ikakaa sawa. Nikaiingiza kwenye kikagulio cha tovuti, ikajibu kwamba PAN imelala.

Maana ilikuwa Julai 2023, na serikali ilikuwa imesema ambaye hajaiunganisha PAN yake na Aadhaar, yaani kitambulisho chao cha taifa, mpaka 30 Juni, kuanzia tarehe 1 Julai haifanyi kazi. (Sisi wageni wasio raia hatuhusiki na hilo.) Na PAN ikilala ni kama hana, unamkata asilimia 20 badala ya 10. Yaani badala ya 3,000 iwe 6,000. Nilimtazama mzee, mzee akanitazama. Nani anaenda kumwambia Anti?

Nilienda mimi. Nilibeba laptopu, nikakaa naye mezani kwake, nikamwonyesha maandishi yenyewe kwenye skrini asidhani ni maneno yetu. Kumbe jina lake kwenye Aadhaar lilikuwa na jina la mume katikati na kwenye PAN halikuwepo, ndo sababu jaribio la zamani lilikataa na mtu wa dukani aliyemlipa hela ya kumfanyia hakumwambia. Akalipa ile elfu moja ya kuchelewa, akarekebisha jina, tukaomba upya. Pango la Julai tukakubaliana alipwe mwisho wa mwezi badala ya mwanzo, kwa sababu kodi inakatwa unapolipa au unapoingiza kwenye vitabu, lolote litangulie, na CA akasema msiandike kwenye vitabu kabla. PAN yake iliamka kabla ya hapo. Hata ningekuwa na haraka vipi siku hizi simkati mtu yeyote kabla ya kuikagua PAN yake siku hiyohiyo, siyo ile ya mwaka jana.

Ripoti ya kwanza ilikuwa ya Julai mpaka Septemba. CA alifanya kwenye ile programu yao ya bure inayotaka Java, ikagoma kwenye kompyuta yangu ikakubali kwenye yake, sina la kusema zaidi. Ninachojua ni kwamba lazima uwe na namba saba za tawi la benki, tarehe na namba ya chalani, na vyote vifanane na ulivyolipa. Baada ya hapo nikapanda juu kwa Anti, nikamfungulia 26AS yake, karatasi inayoonyesha kodi zote zilizokatwa kwa PAN yake. Jina la ofisi yetu lilikuwepo, TAN yetu pembeni, mistari mitatu ya 3,000. Akaweka kidole kwenye skrini akahesabu. Akaniuliza na cheti cha karatasi je? Hicho ni 16A, kinatoka ndani ya siku 15 baada ya mwisho wa kuwasilisha ripoti, na tangu siku hiyo Anti anaijua hiyo tarehe kuliko mimi, tarehe 14 ameshaanza kukohoa kwenye ngazi. Kwa wafanyakazi wa mshahara ni Form 16, mwisho 15 Juni, mara moja kwa mwaka.

Kuanzia Aprili 2025 kiwango cha pango kimepanda, sasa mpaka 50,000 kwa mwezi hukati, kwa hiyo sisi na 30,000 yetu tumetoka. Cha ada za kitaalamu nacho kimepanda kutoka 30,000 mpaka 50,000 kwa mwaka. Kuna pia sheria mpya ya kodi ya mapato ya 2025 inayotumika kuanzia tarehe 1 Aprili 2026, inabadilisha namba za vifungu na za fomu, kwa hiyo hizi nilizotaja hapa zichukue kama za wakati wetu, ukienda kujaza tizama za siku hiyo. TAN tunayo bado, kuna CA na wakalimani wawili wanaovuka kiwango.

Anti alipopata 30,000 yake kamili mwezi ule wa Aprili alishuka na kitabu, safari hii kuuliza mbona hatujamkata. Maana marejesho ya miaka iliyotangulia yalikuwa yanamwingilia benki kwa mkupuo na alikuwa ameshayapangia. Mzee akamwambia serikali imekusamehe. Akasema hakuomba.